Alama Kwenye Kitako

Uvumi ulianzia kisimani, na Mwanahawa hakuweza kuutoa kichwani: eti Lugendo, askari wa zamani, alikata alama ya kisu kwenye kitako cha bunduki yake kwa kila mtu aliyemuua. Na bunduki hiyo ilikuwa imeletwa kwa Shomari, mwana wa Mwanahawa mwenyewe, fundi wa kung'arisha mbao kuukuu. Akaenda mbio mpaka karakana.

"Mwanangu, mti wa bunduki hiyo usiuguse."

"Umechelewa, mama. Ulikuwa na mikwaruzo, nimeipiga msasa yote," Shomari alisema akitabasamu, kitambaa cha mafuta mkononi.

"Basi tuondoke."

"Ngoja mafuta yakauke."

Hayajakauka, Lugendo akaingia. Aliichukua bunduki, akapapasa kitako kwa kidole gumba, akarudia tena.

"Watu wangu wako wapi?"

"Watu gani, mzee?"

Lugendo alimtandika mdomoni kwa kitako hichohicho. Jino likaangukia kwenye maranda. Mwanahawa akamrukia, naye akamsukumiza ukutani.

"Tulia, mama. Umezaa fundi hodari," Lugendo alisema kwa upole. "Kanifutia hesabu. Itabidi nianze upya."

Akaketi mlangoni, akachomoa kisu, akakata alama moja kwenye mti uliong'aa. Akaipuliza vumbi. Kisha akainua macho, akawatazama mama na mwana kwa zamu.

Wanangu, msipokee silaha ya mtu. Msifute alama msiyoijua. Na mama akija mbio kuwaita, msimwambie angoje mafuta yakauke.