Mchanga Unapoishia

Bomba la nne alilopigilia ardhini nalo likatoka na mchanga. Mtafiti alilipasua pale pale kando ya barabara, akauona: tabaka jeupe la mchanga wa bahari, limebanwa katikati ya udongo mweusi wa bonde. Wimbi lililopiga kabla babu wa babu yake hajazaliwa lilikuwa limefika mpaka hapa. Nyumba ya mama yake ilikuwa chini zaidi.

Ardhi ilikuwa ikitetemeka tangu Jumatatu, watu wakihofia wimbi jingine, na mama alikuwa kitandani, miguu haimbebi. Dada yake aliyemuuguza alipiga simu kulalamika kwamba wenzao wanahamisha wagonjwa wao, huku mtafiti yuko bondeni anachezea matope.

"Niambie tu tumpeleke wapi," alisema dada.

"Mchanga unapoishia. Nipe muda kidogo."

Akasogea juu ya bonde, akapigilia bomba nyuma ya shule. Mchanga tena, mwembamba kama ukucha. Akaanza kukata tamaa. Mbele ilibaki zahanati tu, na nyuma yake mwamba usiopandika kwa miguu, sembuse kwa machela. Alipigilia bomba la mwisho uani mwa zahanati, akalipasua, akapitisha kidole toka juu hadi chini. Tope tupu. Punje ya mchanga hakuna. Alilia kama mtoto, kisha akampigia dada yake.

Jua lilipozama mama alikuwa ameshalazwa pale, akinung'unika kwamba wanawe wamemhamisha kama kabati. Majirani nao wakafuata na virago vyao. Mganga wa zahanati alipowauliza nani kawaambia waje, mmoja alimjibu, "Mtaalamu mwenyewe kamleta mamake hapa. Sisi tungoje nini?" Ua ukajaa mikeka, na watoto wakalala wakiwa wametulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mtafiti naye alitulia. Kwa mazoea ya kazi tu, alichota tope kidogo kutoka lile bomba la mwisho, akaliosha, akaazima hadubini ya kupimia malaria. Aliinama, akarekebisha lenzi, akatazama. Maganda. Madogo yasiyoonekana kwa macho, ya viumbe wasioishi kokote isipokuwa baharini, yamejaa tele.

Mchanga ulikuwa umechoka njiani. Maji ya wimbi lile yaliendelea peke yake, mpaka hapa walipolala watoto.