Chokaa Kidogo Tu

Tumba la kwanza lilifunguka Jumamosi asubuhi, na lilikuwa jeupe.

Noelene aliliona kupitia upenyo wa uzio, kikombe cha chai mkononi. Azalea, kichaka cha maua cha jirani yake Dulcie, haikuwahi kutoa ua jeupe. Maua yake yalikuwa ya rangi ya waridi, waridi ya kukolea, na mtaa mzima uliyajua. Hii nyeupe ilitoka dukani, na aliyeipanda pale kwa siri ni yeye Noelene.

Mambo yalianza Januari. Dulcie alikuwa amefariki Novemba, wakamwimbia kanisani na kumlilia, na mwaka mpya ulipoingia tu, mumewe, mzee Clarrie, akapelekwa Canberra kupasuliwa nyonga. Siku ya kuondoka aliomba kitu kimoja. "Jirani, hata nyumba ikiungua potelea mbali. Wewe nimwagilie azalea ya Dulcie."

Noelene alikubali. Kisha binti yake akamwita baharini, joto lenyewe lilikuwa halivumiliki, akaenda, akajisahau huko. Aliporudi, kichaka kilikuwa kimekauka mpaka kwenye shina. Ni kweli kwamba majani yalishaanza kugeuka manjano kabla hajaondoka. Alijikumbusha hilo mara nyingi, lakini halikumsaidia. Aliachiwa kitu kimoja cha marehemu, akakiua.

Basi akakimbilia kwenye kitalu, akanunua azalea ya kimo kile kile, kibandiko chake kikisema maua ya waridi. Alipoing'oa ile iliyokufa akakuta udongo wa chini umechanganyika na kitu cheupe kama kijivu, chenye chengachenga. Chokaa, akajisemea, akatikisa kichwa. Azalea na chokaa wapi na wapi? Maskini Clarrie, bila shaka ndiye aliyeiweka; mkewe alipokuwa hai hakuwahi kushika hata koleo. Akautoa udongo ule wote, akajaza mwingine mzuri, akapanda azalea mpya. Na kwa kuwa kwake hakitupwi kitu, akausukuma ule wa zamani kwa toroli hadi uani kwake, akaumwaga kwenye shina la mlilaki wake, mti wa maua yenye harufu nzuri. Mlilaki, tofauti na azalea, unapenda chokaa.

Mlilaki huo ndio uliokuwa aibu yake. Goulburn, mji wao, ni mji wa mililaki; kila Oktoba hufanya tamasha, na watu husafiri kuja kutazama maua yake ya zambarau na kunusa. Wa Noelene, tangu aupande, ulikuwa majani matupu. Dulcie hakumpa nafasi ya kupumua. "Shoga, bado tu unaumwagilia huo?" alikuwa akimwambia toka upande wa pili wa uzio, mkasi wa maua mkononi. "Huo hautoi ua mpaka nife mimi." Wakacheka wote wawili, ingawa Noelene alicheka kidogo.

Na mwaka huu ulichanua. Ulichanua mpaka matawi yakainama, harufu ikavuka barabara. Wageni wa tamasha walisimama getini kupiga picha.

"Bibi, umeuwekea nini?"

"Chokaa kidogo tu," alijibu, akitazama pembeni, maana kila sifa ilimchoma. Alijiona kama anasifiwa kwa mali ya wizi.

Jumamosi ile hakuimaliza chai yake. Alikata fungu zima la maua ya mlilaki, akaenda kugonga kwa Clarrie kabla hajaghairi.

Clarrie alikuwa jikoni, fimbo yake imeegemea meza. Dirisha la jiko lilitazamana na azalea. Aliyapokea maua, akayatia kwenye jagi la maji.

"Kaa. Keki ipo. Azalea umeiona?"

"Nimeiona."

"Nyeupe."

"Clarrie, ile siyo ya Dulcie. Ya Dulcie niliiua mimi. Nilikwenda zangu baharini, nikaiacha juani. Nikanunua nyingine nikaichomeka pale ili usijue. Miezi yote hii nakunywa chai yako huku nakudanganya."

Mzee alikata kipande cha keki. Kisha akacheka kwa pua. "Kumbe ndiyo maana huishi kuniletea supu. Na mimi hapa nadhani unanitaka."

"Usinichekeshe. Nimekukosea."

"Hujanikosea lolote. Mti ni mti, Noelene, unakufa. Dulcie mwenyewe kaua mingapi." Akamsogezea sahani. "Mimi sikuwa nakuachia mti. Alisema akifa achomwe, ila asiwekwe makaburini. Awekwe pale, bila mchungaji, bila watu kujazana. Mimi na kijana wangu tukafukua wiki ya Krismasi, majivu yote tukayachanganya na udongo wa pale chini. Kwa hiyo juu paote nyeupe, paote nyekundu, kwangu sawa tu. Maadamu yeye yupo."

Noelene aliyatazama maua ndani ya jagi.

Clarrie hakumwona. Alikuwa ameliinamia jagi, macho ameyafumba, anavuta harufu.

"Ila huu mlilaki wako," alisema. "Dulcie angekufa mara ya pili kwa wivu. Hebu niambie ukweli, jirani. Umeuwekea nini?"