Mguu wa Mchungaji

Uliangalia kando. Usikatae. Muumini mwenzako Kiptanui alipotupa dawa zake za kichwa zichomwe ndani ya karai hili hili, hapa kanisani Karagita, ulipiga makofi. Alipotolewa ziwani amevimba, ukasema ni mapenzi ya Mungu, ukaenda kunywa chai.

Leo ni zamu ya Cheruto, yule anayefunga waridi kwenye shamba la maua. Kaka yake Weldon amemkokota kwa kiwiko mpaka madhabahuni.

"Tupa," Weldon anamwambia. "Ama unataka kamba tena?"

Alama za kamba bado ziko mikononi mwake. Ni za wakati ule alipoacha kumeza dawa, akachanganyikiwa, wakamfunga.

Mchungaji Kipkemoi ana maikrofoni mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili. Mguu wake wa kulia haujatulia tangu asubuhi. Anazunguka, anakaa, anainuka kabla kiti hakijapata joto.

"Roho amemshika!" kina mama wanapiga vigelegele.

"Dada, hapo umebeba nini?" Mchungaji anamuuliza Cheruto.

"Dawa ya kichwa, pasta. Daktari alisema kwa ubongo wangu kuna kitu kinaitwa dopamini. Kikifurika, nasikia sauti za watu ambao hawako. Dawa inaziba pale kinapoingilia."

"Fundi wa paipu ni Yesu!" mtu anapiga kelele kutoka nyuma. Kanisa zima linacheka. Na wewe unacheka.

Cheruto hanyamazi. "Inanisaidia. Mwanzo tu ndio ilinisumbua miguu, sikai, sisimami, silali. Nikarudi kliniki, wakaniongeza tembe ingine ndogo ya kutuliza miguu."

"Sasa ni tembe juu ya tembe!" Weldon anafoka. "Pasta, si unaona?"

Mchungaji peke yake hajacheka. Jasho linamtiririka.

Weldon anampokonya Cheruto mfuko na kuutupa karaini. Harufu ya mafuta ya taa inapanda. Cheruto anaanza kulia, polepole, kama mtu anayejua njia anayorudishwa.

Mchungaji anatia kiberiti mfukoni, anamwekea Cheruto mkono kichwani. Waumini wanafumba macho. Anainama mpaka mdomo unagusa sikio lake, maikrofoni ameibana kifuani isinase sauti.

"Ile ya miguu," ananong'ona, "unayo? Yangu iliisha."

Kisha anasimama wima, anatoa kiberiti mfukoni, anachomoa njiti.

Bado hajaiwasha. Wewe wa benchi la mbele, fumbua macho. Inuka, ondoa hilo karai. Sasa hivi!