Mama Shubiri Atiwa Utamu

Mzee wa Posta alikohoa Jumatatu, mara moja tu, na Ijumaa wakamzika. Mwandishi wa mchezo ule wa redio hakujua ugonjwa mwingine wa kuulia watu.

Kaburi lilikuwa beseni la mchanga. Fundi mitambo aliuchota kwa koleo huku akipiga miayo, na Mama Shubiri, jirani mbaya kuliko wote mchezoni, akacheka mbele ya kipaza sauti kama karatasi ilivyomwagiza. Kicheko hicho kilikuwa kimelisha watoto wake watatu kwa miaka sita.

Kesho yake alikwenda kununua nyama.

"Bora ungekufa wewe," muuza nyama alisema, akimfungia mifupa mitupu. "Yule mzee alimlea mbwa kiguru. Wewe una nini?"

"Nina watoto wenye njaa. Anayemwigiza yule mzee yuko hai, baba, ni jirani yangu, na mbwa anawaogopa kama simba."

Muuza nyama akatikisa kichwa. Hata uongo anaujua!

Watu wazima, wenye ndevu zao, wanamlilia mtu wa karatasi. Hayo angeyacheka tu. Lakini jioni hiyo binti yake wa mwisho alimwambia, "Siku ya wazazi njoo na sauti nyingine, mama. Au usije."

Akaenda kwa mwandishi.

"Nifanye nipendwe."

Mwandishi aliendelea kuchonga penseli. "Ubaya ni kazi ya kudumu, dada. Una uhakika?"

Uvivu tu, Mama Shubiri aliwaza. Hataki kuandika upya. "Ninao."

"Basi. Kupendwa hakuna ufundi. Unapewa kiumbe dhaifu umlishe. Unapewa kitu kimoja unachokiweza kuliko wote. Halafu unaonewa, hulalamiki. Wiki tatu, watakula mkononi mwako."

"Kwa hayo tu?"

"Wasikilizaji wangu ni kuku, dada. Ukitupa punje, wanakuja."

Alimdharau kwa kusema hivyo. Aliwadharau wasikilizaji zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wiki ya kwanza Mama Shubiri aliokota paka mwenye jicho moja; mlio aliutoa fundi mitambo. Wiki ya pili ikagundulika kumbe ndiye anayewashonea sare wajukuu wa Mzee wa Posta, kimyakimya, kwa mshono ambao hakuna fundi mjini aliyeuweza. Wiki ya tatu akasingiziwa wizi, akanyamaza.

Muuza nyama alimkatia mnofu mtupu, akajifuta macho kwa aproni. "Tulikuonea, dada yangu. Na hiki kipande mpelekee paka."

Alikipokea bila kupepesa macho, akaenda kukipika. Majuha.

Siku ya wazazi binti yake alimshika mkono akamzungusha uwanja mzima. Walimu walimwomba aseme neno, lolote, wasikie tu ile sauti. "Ni mama yangu," mtoto aliwaambia wasiouliza. Hapo dharau yote ikamtoka mama, akawapa walimu neno walilolitaka.

Jumatatu aliingia studio akiimba. Miaka sita mingine ya namna hii, alipiga hesabu, na huyu wa mwisho atakuwa amemaliza shule.

Mwandishi mwenyewe ndiye aliyemletea karatasi za wiki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, pamoja na kikombe cha chai.

"Wanakupenda, dada," alisema, akiitazama chai. "Barua zimejaa magunia mawili. Sijapata kuona."

"Si ndivyo ulivyoniambia?"

Alivaa miwani. Taa nyekundu ikawaka. Alisoma mistari yake ya kwanza kwa sauti laini kama siagi, akambembeleza paka asiyekuwepo, akafunua ukurasa wa pili.

Juu kabisa, ndani ya mabano, palikuwa na neno moja: *anakohoa*.