Posho ya Kuchimba Chini ya Mwamba

Kulikuwa na mwaka, msiniulize upi, wanyama waliishiwa chumvi, watoto wao wakawa wanalegea. Tembo, mwenye ghala, akatangaza posho kwa msomi mmoja atakayechimba chini ya mwamba kutafiti kilichoko huko.

Wakaja wawili, Kakakuona na Nungunungu. Kakakuona alikuwa mdadisi mpaka anakera.

"Utapata nini, binti?" Tembo akamuuliza.

"Sijui, Mzee. Ndiyo maana nataka kwenda."

Wakubwa waliokaa na Tembo wakacheka mpaka machozi. Kasoma kote huko, hajui!

Nungunungu, fundi wa kuahidi, akajikohoza. "Mimi nitapata maji, Mzee. Matamu, tena mengi."

Mto wanao, lakini maji ya kuahidiwa yaliwalevya. Akapewa posho yote.

Akachimba msimu mzima, akarudi amenenepa. "Hakuna kitu kule," akasema. "Naomba posho ya awamu ya pili."

Tembo akataka kukubali. Kakakuona akamzunguka Nungunungu, akimnusa.

"Kaka, huu weupe kwenye miiba yako ni nini?" Hakungoja jibu, akaulamba. "Chumvi!"

"Ah, hiyo," akasema Nungunungu. "Imejaa tele, ilinisumbua sana. Nilikuwa naisukuma pembeni nipate kupita."

Tembo akamkodolea macho. "Watoto wanaanguka, wewe unasukuma chumvi! Mbona hukusema?"

"Mzee, posho yako ilikuwa ya maji."

Wakubwa walipogeuka kumtafuta Kakakuona wampe posho, alikuwa ameshaingia shimoni na njaa yake, anataka kujua hiyo chumvi inaishia wapi.