Mkeka Uliokunjwa Katikati

Asubuhi hiyo Raymundi aliamka hana hata unywele mmoja mweupe. Eustadia alimpekua kichwa kizima. Mvi hakuna.

Na juzijuzi tu zilikuwapo! Alikuwa mzee mwenzake, akikohoa, akitembelea fimbo.

Mwingine angepiga yowe. Eustadia alikuwa amesuka mikeka hapo mtaani Ng'ambo miaka hamsini, akajua kinachotokea. Mkeka hushonwa kwa mashupatu, zile kanda ndefu za ukindu: la kwanza jekundu, la pili zambarau, la tatu kijani. Ukishafika katikati, rangi zinarudi zilikotoka: kijani, zambarau, jekundu. Hata babu yake, mpagazi wa misafara ya zamani, alikuwa akisema kwamba kambi ulizolala ukienda pwani ndizo utakazolala ukirudi, ya mwisho ikiwa ya kwanza.

Basi mumewe alikuwa anarudi. Kambi ya uzee ameshaipita. Siku hizi analala sebuleni kama mgeni, dalili mbaya hiyo. Imebaki kambi moja tu, siku ya ndoa yao. Akiivuka, atakuwa kijana asiyemjua Eustadia kabisa.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamkamata shati kwa mikono miwili.

"Usiende, mume wangu. Utaniacha na nani?"

"Siendi popote," alisema kijana, macho ameyainamisha. "Kunywa uji, unapoa."

"Mimi naitwa nani? Sema!"

"Eustadia."

Alishusha pumzi. Bado anamjua. Lakini kesho je? Na kesho kutwa? Alimtazama yule mwanamume aliyempenda, mashavu laini hayana kunyanzi, akalia kwa sauti bila kuona haya.

Kisha akapata wazo, akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Niletee kalamu na karatasi. Nitakuandikia mimi ni nani, tubandike ukutani. Kila ukiamka usome."

Kijana hakwenda kutafuta kalamu. Alimshika Eustadia mkono, akamwongoza taratibu hadi chumbani kwake, mpaka kando ya kitanda.

"Ulishaandika," alisema.

Ukutani palikuwa na karatasi iliyokwisha kuwa ya manjano. Eustadia aliutambua mwandiko papo hapo. Ulikuwa wake mwenyewe, wa siku ambazo mkono ulikuwa bado hautetemeki.

"Eustadia, kila ukiamka soma hapa. Raymundi tulimzika. Huyu anayekupa uji ni Aleksi, mwanao."