Somo la Mkono Mmoja

"Sasa tuambie, huko Kanada ni somo gani ulipenda kuliko yote?" baba aliuliza kwa sauti, ili majirani wote waliojaa uani wasikie.

Chepngeno alijua jibu lililosubiriwa. Uhasibu ndio uliompeleka ng'ambo, na baba alikuwa ameutangaza Sosiot nzima. Angeweza pia kuwasimulia theluji, au kwaya ya chuo iliyomfunza kuimba bila woga.

Lakini mbele yake alisimama mama, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, tayari kumkaribisha, akimtazama midomo. Mama alizaliwa kiziwi. Tangu Chepngeno akiwa mdogo, wawili hao walikuwa na ishara chache tu za nyumbani: kula, njoo, mvua inakuja.

"Ni hili, Baba. Nililichagua mwenyewe."

Akamgeukia mama, akainua mkono mmoja. Akakunja ngumi, akaiachia, akaikunja tena, kama mtu anayekamua.

"Hiyo ni nini?" baba aliuliza.

"Maziwa. Nilisoma lugha ya ishara."

Mama aliikodolea macho ile ngumi moja, yeye ambaye hukamua ng'ombe kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani chai. Kisha akaangua kicheko, mabega yakitikisika, machozi yakimlengalenga.

Akainama, akaweka kibuyu chini kwenye nyasi, kabla binti yake hajaonja hata tone, kwa sababu sasa alihitaji mikono yote miwili ili kumjibu.